Mguu Ukiteguka, Usirudi Uwanjani kwa Haraka



Mwaka jana, Jumapili moja jioni, kijana mmoja aliletwa zahanati akiwa amepakiwa kwenye baiskeli. Yeye ni winga wa kulia wa timu ya kijiji. Aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akatua vibaya. Mguu wake wa kulia ulipinda kwa ndani. Kifundo kilikuwa kimevimba kama embe.

Nilimpima. Sikuona dalili ya mfupa kuvunjika. Nilimfunga bandeji, nikampa vidonge vya maumivu. Kisha nikamwambia, "Pumzika. Ukiona hujambo, endelea na shughuli zako."

Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto usiku uleule. Kesho yake mguu ulichuliwa na kuvutwa. Uvimbe ukazidi. Hata hivyo, baada ya siku tano maumivu yalipungua, akaanza kutembea.

Jumapili iliyofuata ilikuwa fainali. Zawadi ilikuwa fahali mmoja. Kocha alimjia akamwambia, "Mdogo wangu, jikaze. Kijiji kizima kinakutegemea." Kijana akajikaza. Kabla ya mapumziko mguu uliteguka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo mguu ule ukawa unateguka ovyo. Uliteguka kisimani. Uliteguka shambani alipokanyaga ukingo wa tuta. Msimu ule alilima nusu ya shamba lake tu. Mama yake aliniuliza, "Daktari, mwanangu atakuwa kilema kwa ajili ya mpira?"

Watu wengine walimlaumu kocha. Wengine walilaumu maji ya moto. Lakini mimi pia nilikosea. Nilimwambia apumzike, lakini sikumfundisha namna ya kuurudishia mguu nguvu zake. Maumivu kupungua si sawa na mguu kupona. Hilo ndilo somo letu la leo.

MTAALAMU WA TIBA YA VIUNGO NI NANI?

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kurudisha nguvu za viungo vya mwili. Hospitalini kazi yao huitwa fiziotherapia. Maana yake ni kutibu kwa mazoezi, kwa mikono na kwa mafunzo. Mtaalamu huyu hampasui mgonjwa. Dawa yake kubwa ni mazoezi yaliyopangwa.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike huko Uingereza waliunda chama cha watu waliofundishwa kuchua viungo kwa utaalamu. Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, ilijeruhi askari wengi sana. Wataalamu hawa walihitajika kuwafundisha tena kutembea na kutumia mikono. Ndipo kazi yao ilipokua na kuheshimiwa.

Siku hizi humhudumia mtu aliyepooza upande mmoja. Humhudumia mtoto aliyechelewa kukaa na kutembea. Humhudumia aliyevunjika mguu, baada ya plasta kutolewa. Wengine hujifunza zaidi habari za wanamichezo. Hao ndio tunaowaona kwenye televisheni wakikimbia uwanjani na mkoba mchezaji anapoanguka.

Hapa Tanzania, hospitali ya KCMC ya Moshi imefundisha wataalamu hawa kwa miaka mingi. Mafunzo huchukua miaka mitatu au zaidi. Mwanafunzi hujifunza mifupa, misuli, mishipa ya fahamu na jinsi mwili unavyotembea. Mzazi mwenye mtoto anayependa michezo na anayefanya vizuri masomo ya sayansi na ajue kuwa kazi hii ipo. Si lazima kila apendaye mpira awe mchezaji.

MFANO WA GARY LEWIN

Vijana wengi vijijini wanaijua timu ya Arsenal ya London. Wanawajua wafungaji wake. Wachache wanamjua Gary Lewin.

Lewin alizaliwa mwaka 1964. Akiwa kijana alikuwa golikipa katika kikosi cha vijana cha Arsenal. Hakupata nafasi katika timu kubwa. Hakukata tamaa. Alikwenda kusomea tiba ya viungo katika hospitali ya Guy's, huko London. Mwaka 1986 Arsenal walimchukua, si kwa kudaka mipira, bali kwa kuwatibu wachezaji. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 2008, kisha akaenda kuitumikia timu ya taifa ya Uingereza kwa kazi ya kudumu.

Tarehe 25 Februari 2007, Arsenal ilicheza fainali na Chelsea katika mji wa Cardiff. John Terry, nahodha wa Chelsea, aliinama kupiga mpira kwa kichwa. Akapigwa teke la uso kwa bahati mbaya. Alianguka akazimia, na ulimi wake ukaziba njia ya hewa. Lewin alikuwa mtu wa timu pinzani. Lakini alikimbia akafika kwa Terry, akaifungua njia ya hewa. Terry alipelekwa hospitali akapona.

Tukio hilo linatufundisha kuwa kwa mtaalamu wa afya, aliyelala chini ni mgonjwa. Jezi yake si kitu.

Lewin mwenyewe aliwahi kuumia. Tarehe 14 Juni 2014, katika Kombe la Dunia huko Manaus, Brazil, Uingereza ilicheza na Italia. Uingereza ilipofunga bao, Lewin aliruka kwa furaha. Alipotua alikanyaga chupa ya maji, na kifundo chake kikachomoka. Aliyezoea kuwatibu wenzake akabebwa kwa machela. Basi tusiseme kuteguka ni kwa wachezaji wazembe. Yeyote anaweza kutua vibaya.

JINSI MTAALAMU ANAVYOMHUDUMIA MGONJWA

Mtaalamu wa viungo hafuati haraka. Hufanya kazi kwa hatua.

Kwanza, anauliza. Uliumiaje? Mguu ulipinda upande gani? Ulisikia mlio? Uliweza kusimama? Kiungo hiki kiliwahi kuumia zamani? Tena huuliza, "Kazi yako ni nini?" Mkulima wa mlimani, dereva na mshonaji nguo hawahitaji mguu wa namna moja.

Pili, anatazama. Analinganisha mguu mbovu na mguu mzima.

Tatu, anagusa na kupima. Anabonyeza polepole ili ajue kama ni mfupa, misuli au kano. Kano ni nyuzi ngumu zinazounga mfupa na mfupa.

Nne, anapanga pamoja na mgonjwa. Hamwambii tu "fanya hivi". Humweleza sababu. Mgonjwa asiyejua sababu ya zoezi huliacha siku ya tatu.

Tano, anamfuatilia. Zoezi la wiki ya kwanza si zoezi la wiki ya nne.

Sita, na hili ni gumu, anajua kusema hapana. Kocha anataka ushindi. Mashabiki wanapiga kelele. Mchezaji mwenyewe anasema, "Niko tayari." Mtaalamu huutazama mguu, wala hatazami zawadi.

Siku ile ya fainali, kijiji chetu hakikuwa na mtu wa kusema hapana.

KIFUNDO KIKITEGUKA, KUNA NINI NDANI?

Kifundo kimeshikwa na kano pande zote. Mguu ukipinda kwa ndani, kano za upande wa nje huvutika kupita kiasi. Nyingine huchanika kidogo, nyingine hukatika kabisa. Damu na maji hujaa hapo. Huo ndio uvimbe.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani. Ndani ya kano na misuli mna mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo huupasha ubongo habari: "Mguu umeanza kupinda, kaza misuli upesi." Kano ikichanika, habari hizo huchelewa. Ndiyo sababu mguu ulioteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi, hata maumivu yakiwa yamekwisha. Mguu umesahau kujihami. Hauna budi kufundishwa tena, nao hufundishwa kwa mazoezi.

KWANZA TUJUE KAMA MFUPA UMEVUNJIKA

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walieleza njia rahisi ya kuamua ni nani anahitaji picha ya eksirei. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo. Lakini mambo haya kila mtu anaweza kuyatazama:

1. Je, mgonjwa anaweza kutembea hatua 4, hata kwa kuchechemea?
2. Je, anaumia ukibonyeza ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za mfupa zilizoko pande za kifundo?
3. Je, anaumia ukibonyeza mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au mfupa wa juu ya wayo upande wa ndani?

Kama hawezi hatua 4, au anaumia mahali hapo pa mfupa, aende hospitali yenye eksirei. Vivyo hivyo kama mguu umepinda usivyo kawaida, vidole vimekufa ganzi, au vimekuwa baridi na vyeupe. Usijaribu kuunyosha. Ufunge kwenye ubao au kijiti kilichozungushiwa nguo, kama ulivyo, umpeleke upesi.

SIKU TATU ZA KWANZA

Fanya haya:
- Acha kucheza mara moja. Usimalize hata dakika tano zilizobaki.
- Funga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu. Isibane sana. Vidole vikivimba au vikifa ganzi, ilegeze.
- Ukikaa au kulala, weka mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, uwe juu kuliko moyo.
- Kitambaa kilicholowa maji baridi hupunguza maumivu. Kiweke kwa dakika 10 hadi 15. Ukipata barafu, izungushie kitambaa kwanza, isiguse ngozi.
- Tumia magongo au fimbo ukishindwa kukanyaga.

Usifanye haya:
- Usikande kwa maji ya moto. Joto huongeza damu na uvimbe katika siku hizi.
- Usichue kwa nguvu, wala usivute mguu. Kano iliyochanika huzidi kuchanika.
- Usinywe pombe. Mlevi hasikii maumivu, naye hukanyaga ovyo.
- Usikimbie.

Wazee wetu wanaochua viungo wana mikono yenye uzoefu, na watu wanawaamini. Simwambii mtu awadharau. Namwambia asubiri. Tuzungumze nao, ili siku tatu za kwanza mguu uachwe utulie.

MAZOEZI YA KUURUDISHIA MGUU NGUVU

Kupumzika sana nako ni kubaya. Mguu uliolala wiki tatu hukauka misuli na kukakamaa. Kwa hiyo, kama mfupa ni mzima, anza polepole. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Maumivu makali, au uvimbe unaozidi kesho yake, maana yake umezidisha. Rudi nyuma hatua moja.

Hatua ya kwanza: kuusogeza. Kaa kitini. Peleka wayo juu na chini mara 10. Kisha zungusha kifundo polepole. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku.

Hatua ya pili: kukanyaga. Tembea bila kuchechemea, hata kama ni kwa mwendo mdogo. Mwendo mzuri wa hatua chache ni bora kuliko kuchechemea hadi sokoni.

Hatua ya tatu: nguvu. Shika ukuta. Inua visigino, usimame kwa vidole, kisha shuka polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Ukizoea, tumia mguu mmoja.

Hatua ya nne: kujisawazisha. Simama kwa mguu ulioumia peke yake kwa nusu dakika. Ukiweza, fumba macho, mtu akiwa karibu akushike. Ukiweza hilo, mwenzako akurushie mpira uudake ukiwa umesimama hivyohivyo. Hapo ndipo mguu unapojifunza tena kujihami. Zoezi hili watu wengi hulipuuza, nalo ndilo linalozuia kuteguka mara ya pili.

Hatua ya tano: mbio. Anza kukimbia polepole kwa kunyooka. Kisha ongeza kasi. Kisha kata kona. Kisha ruka na kutua. Mwisho cheza na mpira.

LINI ARUDI UWANJANI?

Tusihesabu siku tu. Tupime mguu. Mchezaji arudi akiweza mambo haya bila maumivu:
- Kuruka kwa mguu ulioumia karibu sawa na mguu mzima.
- Kukimbia kwa kasi na kusimama ghafla.
- Kukata kona pande zote mbili.
- Kufanya mazoezi kamili na wenzake, na kesho yake asivimbe.

Kuteguka kidogo huweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Kano zikichanika sana, huchukua wiki sita hadi miezi mitatu.

Goti ni kubwa zaidi. Mchezaji akigeuka, akasikia mlio ndani ya goti, na goti likavimba saa chache baadaye, huenda kano kubwa ya ndani imekatika. Asicheze tena, aende hospitali. Hata wachezaji matajiri wa Ulaya wakipasuliwa kwa jeraha hilo hushauriwa kukaa nje miezi 9 au zaidi.

Na mchezaji aliyegongwa kichwa akazimia, akachanganyikiwa au akatapika, asirudi mchezoni siku hiyo kabisa. Aende kupimwa. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili njia ya hewa iwe wazi. Usimnyweshe maji. Kama unashuku shingo imeumia, usimgeuze ovyo. Kichwa na mwili vigeuzwe pamoja, watu wakisaidiana.

USHUJAA WA AKHWARI

Watu wengine watasema, "Mbona John Stephen Akhwari alikimbia akiwa ameumia?" Ni kweli. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, Mtanzania huyu alianguka katika mbio ndefu za marathoni, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji akaendelea. Alimaliza wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Dunia nzima ilimheshimu.

Lakini hadithi hiyo haikuishia Mexico. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena akashika nafasi ya tano. Mtu aliyeumia akapona vizuri anaweza kurudi akiwa na nguvu. Tukisifu bandeji ya mwaka 1968, tuisifu pia nafasi ya tano ya mwaka 1970.

Tena Akhwari alikuwa katika mbio moja kubwa, kwa ajili ya taifa. Fainali ya fahali itakuwapo tena mwakani.

KINGA NI BORA

Shirika la mpira la dunia, FIFA, lina mpango wa mazoezi ya kuanzia uitwao 11+. Una mazoezi 15 na huchukua dakika 20 hivi. Wachezaji hukimbia polepole, huimarisha tumbo na mapaja, husimama kwa mguu mmoja, huruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisha hukimbia kwa kasi. Hauhitaji vyombo. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti wa Norway uliohusu timu 125 za wasichana. Waliofanya mazoezi hayo waliumia pungufu, karibu kwa theluthi moja.

Timu ya kijiji inaweza kuanza wiki hii. Kabla ya mazoezi, fukieni mashimo ya uwanjani na ondoeni mawe. Fanyeni mazoezi ya kuanzia kwa dakika 20. Chagueni mtu mmoja wa kutunza majeruhi, mwenye bandeji na ndoo ya maji safi. Mkubaliane mbele ya kocha na mwenyekiti wa timu: mtu huyo akisema "hapana", ni hapana.

Na haya si ya wachezaji tu. Mama aliyeteleza na ndoo ya maji na mzee aliyekanyaga shimo gizani wana kano zilezile. Mazoezi ni yaleyale.

Yule winga wetu alirudi zahanati baada ya mavuno. Safari hii nilikaa naye, nikamfundisha hatua zote, nikampa siku ya kurudi. Kila asubuhi akipiga mswaki husimama kwa mguu wa kulia peke yake. Watoto walimcheka mwanzoni. Sasa wanamwiga. Ni miezi mitatu mguu haujateguka. Amelima shamba lote. Uwanjani hajarudi bado, maana hajaweza kuruka sawasawa. Ameniambia, "Daktari, safari hii nitasubiri."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mguu ulioteguka huteguka tena hata maumivu yakiwa yamekwisha?
2. Taja mambo matatu yasiyofaa kufanywa katika siku tatu za kwanza.
3. Mchezaji apimwe kwa mambo gani kabla ya kurudi uwanjani?
4. Katika timu ya kijiji chenu, nani ana uwezo wa kusema hapana? Kama hayupo, mtamchagua nani?